Sabuni ya kunyolea: ya fundi na ya kiwandani zinaachana wapi hasa

Sabuni mbili za kunyolea zinaweza kukaa rafu moja, moja imepikwa na mtu mmoja kwenye sufuria la kilo kumi, nyingine imetoka kwenye mtambo usiozimwa usiku wala mchana, na bado kikemia zikawa karibu sawa. Zote ni mafuta yaliyogeuzwa kuwa sabuni kwa kostiki, yaani alkali kali. Tofauti zipo, na baadhi ni kubwa, ila mara nyingi hazipo pale lebo inapozitangaza. Maneno "asilia" na "imetengenezwa kwa mkono" hayamwambii mnunuzi kama povu litadumu hadi amalize shavu la pili. Orodha ya viambato ndiyo humwambia, akijua kuisoma.

Povu lina kazi mbili

Kazi ya kwanza ni kushikilia maji juu ya ndevu. Unywele mkavu ni mgumu kukatika. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu huvimba na kulainika, na wembe huupita kwa nguvu ndogo zaidi. Povu zito huzuia maji hayo yasikauke wakati unaendelea kunyoa. Kazi ya pili ni utelezi: utando mwembamba wa sabuni na maji kati ya chuma na ngozi, unaobaki hata baada ya wembe kulikomba povu lenyewe.

Wingi wa povu haupimi lolote kati ya hayo mawili. Povu lililojaa bakuli, jeupe na lenye mapovu makubwa, laweza kuwa hewa tupu. Povu zuri la kunyolea lina mapovu madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni, linang'aa kidogo kwa maji, na ukilisugua kati ya vidole linateleza badala ya kugwaruza. Wanaolinganisha sabuni kwa urefu wa povu wanapima kitu chenye umuhimu mdogo kuliko vyote.

Mafuta ndiyo yanayoamua

Kila mafuta ni mchanganyiko wa asidi za mafuta, na kila asidi huleta tabia yake. Asidi ya steariki na ya palmitiki hutoa povu zito linalodumu. Hizi ndizo uti wa mgongo wa sabuni ya kunyolea. Asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, hutoa povu la haraka na kubwa, lakini hupasuka upesi na huondoa mafuta ya ngozi kwa nguvu. Asidi ya oleiki hulainisha, ila ikizidi povu huwa hafifu. Mafuta ya mbarika, yakiwa asilimia tano hadi kumi hivi ya mafuta yote, huongeza utelezi na kulisaidia povu lishike maji.

Shahamu ya ng'ombe ina takriban asilimia 25 ya palmitiki, 20 ya steariki na 40 ya oleiki. Mawese yana palmitiki nyingi, karibu asilimia 44, lakini steariki yake ni kama asilimia 5 tu. Siagi ya shea na ya kakao zina steariki nyingi kuliko shahamu. Hata hivyo hakuna mafuta ya kawaida yanayofikisha kiasi kinachotakiwa yakiwa peke yake, ndiyo maana watengenezaji wengi, wadogo kwa wakubwa, huongeza asidi ya steariki iliyokwisha kutenganishwa, mara nyingi kwa kiasi cha theluthi hadi nusu ya mafuta yote. Sabuni ya kuogea kwa kawaida haina nyongeza hiyo, na hapo ndipo tofauti yake na ya kunyolea inapoanzia. Ukinyoa kwa sabuni ya kuogea, povu linakufa shavuni kabla hujafika kidevuni.

Kuhusu shahamu dhidi ya mafuta ya mimea, ubishi ni mkubwa kuliko ushahidi. Shahamu hutoa uwiano mzuri wa asidi bila kusumbuka, lakini mtengenezaji mwenye ujuzi anaweza kuukaribia uwiano huohuo kwa steariki, shea na mbarika. Shahamu pia si alama ya ufundi wa mkono. Fimbo ya sabuni ya kunyolea ya Arko, bidhaa ya kiwandani inayotengenezwa kwa wingi nchini Uturuki, kwa miaka mingi ilijengwa juu ya shahamu, nayo hutoa povu linaloshindana bila aibu na sabuni nyingi za mafundi.

Kostiki ya aina mbili

Kostiki soda, yaani haidroksaidi ya sodiamu, hutoa sabuni ngumu isiyoyeyuka haraka. Haidroksaidi ya potasiamu, tuiite potashi, hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi na kupokea maji mengi. Steariki iliyogeuzwa kwa soda peke yake ni ngumu na mvivu. Brashi huizunguka bila kupata kitu. Kwa hiyo sabuni nzuri ya kunyolea huwa na potashi, mara nyingi kwa wingi kuliko soda. Krimu hutumia potashi karibu peke yake.

Hapa pana kipimo rahisi kuliko vyote dukani. Ukiona orodha inaanza na Sodium Palmate na Sodium Palm Kernelate au Sodium Cocoate (sabuni za soda za mawese, kiini cha mawese na nazi), bila potashi wala steariki popote, unachoshika ni sabuni ya kuogea iliyobanwa kwa umbo la duara, hata kama imekaa kwenye bakuli la mbao lililochongwa vizuri. Ukiona Stearic Acid, Potassium Hydroxide au Potassium Stearate kati ya majina manne matano ya mwanzo, umefika penyewe. Wengine huandika malighafi walizoanza nazo, wengine huandika sabuni iliyopatikana baada ya kupikwa. Ni kitu kilekile. Na jina la Potassium Hydroxide kwenye lebo halina maana kwamba kostiki imebaki ndani. Sabuni ikipikwa kwa vipimo sahihi, yote huishia kwenye mmenyuko.

Kuna pia sabuni zinazouzwa kwa jina la fundi ambazo fundi hakuzipika. Amenunua msingi uliotengenezwa kiwandani, akauyeyusha, akatia manukato na rangi, akaumimina. Dalili zake ni Propylene Glycol, Sorbitol na wakati mwingine Sodium Laureth Sulfate, na mara nyingi kitu chenyewe kinapitisha mwanga. Si sumu, lakini povu lake ni jepesi, na unalipia harufu na kifungashio tu.

Hadithi ya gliserini

Inasemwa sana kwamba viwanda huondoa gliserini na kuiuza, na kwamba sabuni ya fundi huibakiza yote. Hilo ni kweli nusu. Sabuni ya soda ikichemshwa kwenye matangi makubwa hutengwa kwa maji ya chumvi. Sabuni huelea juu, na maji ya chini yenye gliserini huvutwa na kusafishwa. Lakini sabuni ya potashi haitengwi hivyo kwa chumvi ya kawaida, kwa sababu sodiamu ya chumvi huichukua nafasi ya potasiamu. Krimu za kiwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa kuunganisha asidi za mafuta na potashi moja kwa moja, kisha gliserini hupimwa na kuongezwa.

Upande wa fundi nao una jambo lisilotajwa. Gliserini huzaliwa pale mafuta kamili yanapovunjwa. Kilo moja ya shahamu hutoa takriban gramu 100. Asidi ya steariki iliyotenganishwa haitoi gliserini hata chembe, inatoa maji tu. Fundi anayetumia steariki kwa nusu ya mafuta yake anapata kama nusu ya gliserini ambayo angeipata kwa mafuta matupu, na wale makini huongeza yao kwa mkono. Kwa hiyo usiulize kama gliserini ni ya asili au ya kuongezwa. Molekuli ni ileile. Tazama ipo nafasi ya ngapi kwenye orodha.

Ikizidi ina hasara yake. Gliserini huvuta unyevu wa hewa, na sabuni yenye nyingi hutokwa na matone kama jasho bafuni. Matone hayo hayaharibu kitu. Yafute, uiache sabuni wazi ikauke.

Sufuria na mtambo

Steariki huyeyuka kwenye nyuzi joto takriban 69 za Selsiasi na hushikana na kostiki papo hapo, hivyo fundi hawezi kuitengeneza sabuni hii kwa baridi kama anavyofanya ya kuogea. Huipika kwa moto, uji mzito unaogoma kukorogwa, kisha huikandamiza kwenye makopo ikiwa bado ya moto. Hubaki na maji mengi, na matokeo ni sabuni laini kama ugali uliopoa, ambayo brashi huichota kwa sekunde kumi au kumi na tano.

Kiwanda hukausha sabuni hadi ibaki na maji kidogo, huichanganya na manukato, huipitisha mara kadhaa kati ya magurudumu ya chuma, kisha huisukuma na kuigonga muhuri. Sabuni iliyosagwa hivyo ni ngumu na haina vinyweleo vya hewa. Hudumu muda mrefu kwa uzito uleule, lakini hudai uvumilivu: sekunde 30 au zaidi za kuzungusha brashi, na maji ya uvuguvugu kijiko kimoja yakae juu yake kwanza kwa dakika moja mbili. Wengi wanaosema sabuni ngumu "haina povu" wameichota kwa muda ule wanaoutumia kwa sabuni laini. Na ulaini si ushahidi wa mkono wa fundi: Cella ya Milano ni laini kama udongo wa kufinyanga na ni ya kiwandani.

Fundi anapokosea

Udhaifu mkubwa wa sabuni ya mkono ni vipimo, na kosa linalorudi mara kwa mara linatokana na potashi. Potashi inayouzwa kwa watengenezaji wadogo mara nyingi ina usafi wa asilimia 90, nyingine ni maji na kaboneti. Tuchukue mafuta ya gramu 1,000: steariki 500, shahamu 300, nazi 150, mbarika 50. Ili kuyageuza yote kungehitajika soda safi gramu 147 hivi. Fundi anaacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa ili ngozi isikauke, hivyo anashuka hadi gramu 140. Anataka asilimia 70 ya kazi ifanywe na potashi. Anabaki na soda gramu 42, na potashi safi gramu 137, ambazo kwa usafi wa asilimia 90 ni gramu 153.

Akisahau kurekebisha usafi na kupima gramu 137 za potashi ya asilimia 90, mafuta yasiyogeuzwa hayabaki asilimia 5. Yanaruka hadi karibu 12. Povu linakuwa zito la mafuta, linalala, na sabuni inaanza kuharibika mapema. Akikosea upande wa pili, akapima gramu 153 kumbe potashi yake ni safi kabisa, kostiki inazidi mafuta yote na sabuni inaunguza ngozi. Sufuria lilelile, mapishi yaleyale, bidhaa mbili zisizofanana. Kiwanda hupima kostiki iliyobaki katika kila tangi kabla ya kuendelea. Fundi mzuri hufanya hivyo pia, au angalau hupima usafi wa kila gunia jipya. Sabuni ambayo ukiigusa kwa kidole kilicholowa na kukiweka ncha ya ulimi inapiga kama betri, usiipake usoni.

Kosa la pili ni kurundika viambato vya sifa. Maziwa, mtindi, udongo, asali, siagi tano tofauti: kila kimoja hupendeza kwenye lebo. Mafuta yakiachwa mengi huua povu, sukari ya maziwa hubadilika kuwa kahawia ndani ya kostiki, na udongo huongeza utelezi lakini hukausha. Kitu kinachokaa usoni dakika tatu kisha kinaoshwa hakina nafasi kubwa ya kuilisha ngozi. Lanolini kidogo (nta ya sufu ya kondoo), asilimia moja hadi tatu, ni kati ya vichache ambavyo mkono huvihisi kweli baada ya kunawa.

La tatu ni manukato. Hapa mafundi wana uhuru ambao viwanda vikubwa haviutumii, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya bei ya juu huishia humu. Kiwanda hutafuta harufu isiyomkera mtu yeyote; fundi anaweza kupika kilo ishirini za harufu wanayoipenda watu mia. Lakini mafuta ya manukato yakipita asilimia mbili tatu hulidhoofisha povu, na mdalasini, karafuu na mentholi nyingi huwasha ngozi iliyokwaruzwa na wembe. Vanilini huigeuza sabuni kuwa ya kahawia, jambo lisilo na madhara.

Kiwanda kinapopunguza

Kiwanda hukosea kwa namna nyingine: hakikosei vipimo, kinapunguza makusudi. Steariki hupunguzwa, nazi au mafuta ya kiini cha mawese huongezwa kwa sababu hutoa povu la haraka linalomvutia mnunuzi, na mapishi hubadilishwa huku kifungashio kikibaki kilekile. Ndiyo maana sifa iliyopatikana miaka ishirini iliyopita haitoshi. Soma orodha ya kopo ulilonalo mkononi.

Baadhi ya vitu vya kiwandani vinavyodharauliwa vina kazi halisi. Tetrasodium EDTA na Tetrasodium Etidronate hushika kalsiamu na magnesiamu za maji magumu. Bila wao, madini hayo huungana na steariki na kufanya ukoga mweupe usioyeyuka, na sehemu ya sabuni yako inaishia sinki badala ya ndevuni. Pia huzuia chembe za metali zinazoharakisha mafuta kuharibika. Fundi asiyezitaka anaweza kutumia asidi ya sitriki, lakini kila gramu moja ya asidi hiyo hula soda gramu 0.62 au potashi safi gramu 0.88, na ni lazima aiongeze kwenye hesabu. Ukiwa na maji magumu, kiambato hiki kimoja kinaweza kuleta tofauti kubwa kuliko jina lililo juu ya kopo. Jaribu mara moja kwa maji yaliyokenekwa. Povu likibadilika ghafla, umejua tatizo ni bomba lako.

Krimu, na vitu vinavyoitwa krimu

Krimu ya povu ni sabuni ya potashi yenye maji mengi, gliserini, na steariki ambayo haijageuzwa inayoipa mng'ao wa lulu. Kiasi cha lozi moja, kama gramu moja, kinatosha. Kwa krimu, nakiona kiwanda kina nafasi ya mbele: kuchanganya maji na steariki yasitengane kwa miezi kunahitaji mashine na uthabiti wa joto, na tyubu hulinda kilichomo. Krimu nyingi za mafundi hujitenga au huota chembe ngumu.

Usichanganye hiyo na krimu isiyohitaji brashi, mfano Barbasol ilipoanza mwaka 1919. Hiyo ni losheni nzito ya steariki inayoteleza bila kutoa povu, na ukiipiga kwa brashi unajichosha. Povu la kopo hutumia sabuni ya steariki na trietanolamini (alkali inayochukua nafasi ya kostiki) ikisukumwa na gesi kama butani na propani. Limeshajazwa gesi, hivyo huwezi kuliongezea maji kama povu la brashi. Jeli ya kopo huwa na isopentani, inayochemka kwenye nyuzi takriban 28, hivyo joto la ngozi ndilo linaloifanya ifure.

Kulinganisha bila kudanganywa

Linganisha mbili mbili, siku ileile, kwa wembe uleule na maji yaleyale: shavu la kulia kwa moja, la kushoto kwa nyingine, kesho yake ubadilishe pande. Brashi ya manyoya ilowe dakika chache, uikung'ute. Ya nyuzi bandia haihitaji. Weka bakulini gramu moja ya kila sabuni iliyopimwa kwa mizani ndogo, anza na maji mililita 5, kisha ongeza mililita moja moja ukikoroga nusu dakika kila mara. Andika ni mililita ngapi ilizopokea kabla mapovu hayajawa makubwa. Acha povu dakika tano. Maji yakijitenga chini, steariki ni haba au umezidisha maji. Povu likikauka na kuwa kama ukoko, liliomba maji zaidi. Mwisho, nyoa, kisha pitisha kidole kilicholowa pale wembe ulipopita. Utelezi uliobaki hapo ndio unaokulinda unaporudia bila kupaka tena.

Swali la usalama halifuati ukubwa wa mtengenezaji. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1223 ya mwaka 2009 humdai kila anayeuza kipodozi, hata wa sufuria moja, ripoti ya usalama, na orodha hutaja vizio vya manukato vinavyozidi asilimia 0.01 kwa bidhaa ya kuoshwa. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa asome hapo: Limonene, Linalool, Cinnamal na wenzao wamo katika mafuta asilia kama walivyo katika ya maabara.

Kuhusu kuhifadhi, sabuni ngumu hukaa miaka. Ya fundi yenye siagi nyingi itumie ndani ya mwaka mmoja au miwili. Madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani ni dalili kwamba mafuta yaliyobaki yameanza kuharibika, na hapo haitengenezeki tena. Iache ikauke wazi kabla ya kufunika, na kama unatumia kadhaa kwa zamu, usifungue ya tatu kabla hujamaliza ile yenye maziwa ndani.